Inakatala Fasi Gani?

Fundi aliinamisha kichwa, akaisikiliza pikipiki yangu ikikohoa chini ya mwembe, kisha akaniuliza, "Inakatala fasi gani?" Inakataa sehemu gani. Nikamwonyesha barabara ya kwenda Musonoi, nikidhani anataka kujua ni mlima upi ulioishinda. Akacheka. Akashika mkono wa mafuta, akauzungusha kidogo, akauachia. Sehemu aliyokuwa akiitafuta ilikuwa pale pale, ndani ya robo mzunguko wa kiganja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Malori ya shaba yaendayo bandari ya Dar es Salaam ndiyo yaliyonifikisha Kolwezi, kusini mwa Kongo, na kazi ya kuyafuatilia haifanyiki kwa miguu. Pikipiki huku huitwa moto, neno la Kifaransa lililotua juu ya neno letu bila kuomba radhi. Wiki za mwanzo nikimsikia mtu akilalamika kwamba moto yake inazimika, ulimi uliniwasha nimwambie aongeze kuni. Vijana wanaobeba abiria huitwa manseba. Mafuta ni esansi, plagi ni buji, na ule mngurumo wa injini ikiwa imetulia ni ralanti. Ukishayajua hayo matano unaweza kukaa kwenye garaji yoyote ya Katanga na usionekane mgeni sana.

Yangu ni Honda XL 125, ndefu ya miguu, matairi ya meno, pikipiki iliyotengenezwa ipite lami asubuhi na pori mchana. Ilikuwa ya mradi mmoja wa afya kabla ya kupita mikono sijui mingapi. Ilipoanza kuchoka, fundi mmoja wa mjini, ambaye sitamtaja, alinishauri nitupe kabureta ya zamani niweke kubwa. Akanionyesha PZ30 mpya inayong'aa, ile inayokaa kwenye maguta ya magurudumu matatu ya cc 200 yanayobeba maji na saruji. Kubwa inapumua zaidi, alisema, na mimi nikaona hilo halina ubishi. Nikalipa. Kuanzia siku hiyo kwenye barabara tambarare moto ilikimbia, lakini kila nilipoondoka kwenye kona ilikabwa kooni, ikatoa moshi mweusi, na esansi ikawa inakwenda kama maji ya kisima kilichotoboka.

Ndivyo nilivyofika kwa huyu mzee wa mtaa wa Manika, ambaye wateja wake wanamwita Papa na wanafunzi wake wanamwita Papa, nami nikamwita hivyo hivyo. Garaji yake ni mwembe, mabati manne na kreti za bia za kukalia. Nilikaa kwenye kreti moja kwa siku tatu, na sijutii hata saa moja.

Alianza kwa kubandika kipande cha plasta ya hospitali kwenye shina la mkono wa mafuta, akachora alama kwa kalamu: sifuri, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Alama nyingine moja akaiweka kwenye mpira wa kushikia. Kisha akanituma nizunguke mtaa na kurudi, kila mara nikiwa nimeshikilia gazi, yaani huo mkono wa mafuta, kwenye alama moja tu, bila kuiongeza wala kuipunguza. Niliona aibu kidogo, mtu mzima natembea mwendo wa bata huku nimekodolea macho plasta. Lakini raundi ya nne nilikuwa na jibu la swali lake. Ilikuwa inakataa kati ya sifuri na robo, hasa nikivuta ghafla. Kwenye nusu ilikuwa nzito. Mwishoni kabisa ilikuwa na nafuu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuuliza ina nini. Kabureta hulisha injini kwa zamu. Gazi ikiwa karibu imefungwa, anayelisha ni jeti ndogo ya ralanti pamoja na skrubu yake ya pembeni. Ukifungua kidogo, umbo la ule mlango unaopanda na kushuka, mkato wake wa chini, ndio unaoamua. Kuanzia robo hadi robo tatu kazi ni ya sindano inayoning'inia kwenye mlango huo. Baada ya hapo jeti kubwa inachukua usukani. Wapishi wanne kwenye jiko moja. Ukijua chakula kimeungua saa ngapi, unajua umwite nani.

Akafungua buji. Ilikuwa nyeusi, kavu, ina masizi ya chungu. Akampa kijana wake aishike, akaniambia, "Ile moto haina na njala. Inashiba, iko natapika."

Tatizo la koo kubwa nilielezwa na yeye kwa mikono, nikalijazia baadaye kwa kusoma. Kabureta ya pikipiki haitegemei pampu kusukuma esansi kuingia kwenye injini. Ni koo lililobanwa katikati. Hewa ikipita penye wembamba inaongeza kasi, presha inashuka, na esansi inavutwa kutoka chini kupitia tundu. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi aliandika juu ya mwenendo huo mwaka 1797, na karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1893, Wilhelm Maybach kule Ujerumani na Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, wakautumia kupuliza petroli kwenye injini. Kila kitu kinategemea kasi ya hewa pale kooni. Injini ya cc 125 ikiwa kwenye mzunguko wa chini inavuta pumzi ndogo. Pumzi hiyo ikipita kwenye koo la milimita 30 inatembea, haikimbii, na hewa inayotembea haina nguvu ya kunyonya. Mpe mtoto mrija atakunywa soda. Mpe bomba la maji atahangaika. Ukivuta gazi ghafla injini inakaukiwa kwa nukta moja, na ikishapata kasi inakuta jeti zilizotobolewa kwa ajili ya injini ya cc 200, inafurika. Njaa na kuvimbiwa ndani ya dakika moja.

"Ya zamani iko wapi?" akauliza Papa.

Ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda changu, maiti kwa maneno ya yule fundi wa kwanza. Nikaifuata.

Ningependa msomaji aione meza yake. Sinia la bati lenye maua, la aina ile ya kuandalia wageni, na juu yake kitambaa kilichofuliwa. Kwanza aliiosha kabureta nje, kwa mswaki na mafuta ya taa, kabla ya kugusa skrubu hata moja, kwa sababu vumbi la nje likipata mlango linahamia ndani. Kisha akaifungua, na kila kilichotoka kilipangwa kwenye sinia kwa mpangilio wa kutoka kwake, kushoto kwenda kulia. Skrubu ya pembeni hakuitoa mpaka alipoikaza hadi mwisho polepole, akihesabu mizunguko kwa sauti: moja, moja na nusu, mbili, mbili na robo. Kijana akaandika 2¼ kwa chaki kwenye bati. Mafundi wengi niliowaona wanaitoa tu, halafu wakati wa kurudisha wanakisia.

Ndani ya kikombe cha chini kulikuwa na vitu vitatu. Tone la maji, likibingirika chini ya esansi kama shanga. Tope jekundu, laini kama unga wa muhogo. Na ukoko mweupe pale maji yalipolala muda mrefu juu ya aluminiamu. Maji hayo si fumbo. Esansi ya barabarani inauzwa kwa chupa na madumu na watu wanaoitwa kadhafi, na dumu lililokaa nje usiku wa mvua haliulizwi limelala na nani. Tope nalo anayejua Kolwezi anajua linakotoka. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua ni nadra, na malori ya migodi yanasaga udongo wa barabara usiku na mchana. Vumbi hilo linakaa kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye meno.

Kisha kazi ya jeti. Hapa nilitarajia waya wa chuma, maana ndio niliouona kwingine kote. Papa alichuna waya wa umeme, akatoa uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, akaupitisha kwenye tundu mara moja, bila kuuzungusha. Jeti ni shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na ni ngumu kuliko shaba tupu. Uzi wa chuma ungelikwangua tundu na kulipanua, na jeti iliyopanuka kwa sehemu ndogo ya milimita imekwisha kazi ingawa namba yake bado inasomeka. Uzi wa shaba unapita, unasukuma uchafu, unaacha tundu lilivyokuwa.

Sikuweza kuacha kuwaza. Nilikuwa nimekaa kwenye mkoa ambao kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 ulikuwa sehemu ya jimbo lililoitwa Shaba, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, juu ya madini ambayo kampuni ya Union Minière iliyajengea mji huu mwaka 1937, na ambayo mababu wa Katanga waliyafua kuwa misalaba ya kununulia vitu muda mrefu kabla ya kampuni yoyote. Shaba inatoka hapa kwa lori, inavuka bahari, inageuzwa waya, inarudi ikiwa imevikwa plastiki, na mzee mmoja anaichuna apate uzi mmoja wa kuzibulia jeti, ambayo nayo ni shaba. Papa hakuona ajabu yoyote. Alipuliza tundu kwa mdomo, akalielekeza kwenye jua, akanipa nichungulie. Duara la mwanga, kali pembeni.

Sehemu za aluminiamu zikalala usiku mzima kwenye esansi safi. Angeweza kuzifuta na kuzifunga jioni ile ile. Nilimwambia nina haraka. "Bado kwanza," akasema, na hayo ndiyo maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko yote katika siku zile tatu.

Asubuhi ya pili ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Juni ambayo watu wa pwani hatuamini kwamba iko Afrika. Alishika boya, akaligeuza, akalitikisa sikioni kusikia kama limeingia esansi. Akatazama kichwa cha kipini kinachofunga mlango wa mafuta, akaona duara limechimbika kwenye mpira wake, akaweka kipya. Kisha akafanya jambo ambalo nilikwenda nyumbani nikalisimulia. Alichukua mpira wa dripu ya hospitali, mweupe unaoonyesha ndani, akauchomeka kwenye tundu la kumwagia chini ya kikombe, akaukunja ukasimama pembeni ya kabureta. Akafungua mafuta. Esansi ikapanda ndani ya mpira ikasimama, na pale iliposimama ndipo ilipokuwa imesimama ndani ya kikombe ambacho macho hayawezi kuona. Ilikuwa juu mno. Akafunga, akafungua, akakunja ulimi mdogo wa boya kwa ncha ya bisibisi, pengine nusu milimita. Akarudia. Mara ya tatu esansi ilisimama milimita chache chini ya ukingo, akaridhika.

Mpira unaounganisha kabureta na injini ulikuwa na mpasuko usioonekana mpaka uukunje. Aliujua kabla ya kuukunja. Injini ikiwa kwenye ralanti, bado ya baridi, alidondosha matone ya esansi kwa sindano ya hospitali kuzunguka mpira ule, na tone la tatu injini ikabadilisha sauti. Palikuwa pananyonya hewa. Hewa isiyopimwa inaingia baada ya kipimo, na hakuna jeti inayoweza kuirekebisha. Tafadhali usijaribu hilo kwenye injini iliyokwisha pata moto, maana hapo neno moto litarudi kwenye maana yetu.

Sasa namba. Kolwezi iko kama mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban asilimia 13. Esansi haijui mlima. Jeti inayotosha pwani, huku inalisha kupita kiasi. Papa hakunitajia asilimia. Aliniambia moto zinazotoka Kalemie, kando ya ziwa, zikifika kwake zinakuwa zimelewa, kwa sababu "kule hewa iko nzito." Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kidogo, kwa hiyo hesabu yake ni sahihi. Kwenye kopo la maziwa ya unga alikuwa na jeti zaidi ya 50, zikiwa zimefungwa kwa nyuzi. Alinionya kuhusu namba: kwenye jeti kubwa za Keihin namba inafuata upana wa tundu, ilhali za Mikuni nyingi zinafuata wingi wa mafuta yanayopita, kwa hiyo 100 ya huyu si 100 ya yule. Na za bandia zina namba yoyote iliyompendeza mwenye kuzigonga. Alizishika mbili mbili kwenye jua, ile anayoiamini na ile anayoishuku, akilinganisha mianga. Mbili akazitupa. Akatoa 102 iliyokuwemo, akaweka 98.

Najua wapo watu Marekani na Australia wenye Suzuki DR650 wanaotoa kabureta ya kiwandani, Mikuni BST40 yenye mlango unaoinuliwa na mvuto wa hewa, wakaweka TM40 au Keihin FCR ambazo mlango wake unavutwa na waya moja kwa moja. Wanapata mwitikio wa haraka, na wana haki ya kufurahi. Injini yao ni cc 644 na inajua kuvuta. Hata wao, hata hivyo, wanachonunua kwanza ni kabureta, na kinachowachukua miezi ni kuioanisha na injini. Sehemu hiyo ya pili haiuzwi dukani. Yule fundi wangu wa kwanza aliniuzia ya kwanza tu.

Siku ya tatu ilikuwa ya kujaribu. Papa anabadilisha kitu kimoja, anapanda, anarudi. "Kitu kimoya, mara moya." Sindano aliishusha mfuo mmoja, akaenda, akarudi, akairudisha. Skrubu ya pembeni akaizungusha kwa robo, akasikiliza ralanti ikipanda, ikapanda, ikaanza kuyumba, akarudi nyuma kidogo. Alikuwa anakwenda na spana ya buji mfukoni. Kwenye alama ya nusu alikaza mwendo kwa muda, akabana klachi na kuzima injini kwa mpigo, akaachia moto itiririke yenyewe hadi kando ya barabara. Buji iliyozimwa hivyo inasema ilichokuwa inaona wakati ule, siyo ilichoona wakati wa kurudi polepole nyumbani. Ya kwanza ilitoka na masizi kidogo. Ya pili ilikuwa na ukingo mweupe, dalili ya ukavu. Ya tatu aliiangalia, akanipa. Rangi ya kahawia hafifu, kavu, sawa pande zote.

"Kama mukate," akasema.

Nje ya mji, kwenye maduka ya madini ya Musompo, wachimbaji wa mkono hufika na magunia, na mashine ndogo huelekezwa kwenye jiwe ikasema lina asilimia ngapi ya shaba au kobalti, na kwa namba hiyo wanalipwa. Mji mzima huu unaishi kwa kipimo. Kipimo cha Papa ni mkate, mwanga wa jua kwenye tundu na mpira wa dripu, na niliona kikirudiwa mpaka jibu likakubalika.

Mwisho akashughulikia kichujio cha hewa, ambacho sikukitaja kwa sababu nilikuwa nimekitoa. Manseba wengi hufanya hivyo, moto inapata mlio mkubwa na mwenyewe anadhani amepata nguvu. Papa hakupaza sauti. Alipitisha kidole ndani ya koo la kabureta, akakionyesha kwa kijana wake, siyo kwangu. Kilikuwa chekundu. Akakata sponji mpya, siyo ya godoro, akailowesha mafuta ya injini, akaikamua kwa viganja mpaka ikaacha kudondoka, akaiweka. Kisha ikabidi ajaribu buji upya kuanzia mwanzo, kwa sababu kichujio nacho ni sehemu ya hesabu. Jua lilikuwa linazama.

Mwaka 2020 kanuni mpya za moshi zilizisukuma pikipiki za India kwenye mifumo ya kupuliza mafuta kwa kompyuta. Zinazoletwa Afrika nyingi bado zina kabureta. Kijana wake aliniuliza itakuwaje moto zote zikibadilika. Papa alikuwa anakunja kitambaa cha sinia, akasema itabidi wasikilize kitu kingine.

Nilimlipa faranga 40,000 pamoja na vipuri, na akaona nimezidisha. Ndani ya kifuniko cha pembeni cha moto yangu ameandika kwa wino usiofutika: 98, sindano mfuo wa tatu, skrubu mizunguko miwili, na chini yake tarehe. Ameniambia nirudi Oktoba mvua zikianza. PZ30 aliinunua jirani yake mwenye guta la cc 200, akaifunga jioni ile ile, na kwake inafanya kazi bila tatizo lolote.